Visanduku Arobaini na Kimoja

Hallunda, Stockholm
11 Februari 2024

Baba Mdogo Juvénal,

Shikamoo. Nianze na habari za nyumbani, maana najua hutasoma mengine kabla ya kuzipata. Sisi wazima. Binti yangu Zuri ametimiza miaka kumi na mmoja. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na nikimkaripia kwa Kiswidi ananisahihisha matamshi kwanza, ndipo anatii. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua kwenye barafu. Mimi bado niko wodini kule Flemingsberg, mwaka wa kumi na mbili sasa, nageuza wagonjwa na kuwaosha, na ninawapenda wengi wao. Je, Mama Mdogo Magdalene na kuku wake?

Sasa jambo lenyewe. Kila Jumapili baada ya misa watu hunijia na bahasha. Ni watu wetu, wa Burundi na Kongo, na hata Wakenya wawili. Tunakaa kwenye benchi pale kwenye maduka ya Hallunda, wananiambia, "Diane, hebu nisomee hii." Nasoma. Nawaambia imeandikwa nini. Kisha wananiuliza, "Sasa nifanyeje?" Hapo nanyamaza, kwa sababu sijui, na nisichokijua sikisemi. Mwezi wa kumi na moja mama mmoja alileta barua iliyompa wiki tatu za kukata rufaa. Aliileta wiki ya tano. Alikuwa ameihifadhi vizuri ndani ya Biblia.

Nataka kusoma sheria. Umri wangu ni miaka thelathini na tatu, unaweza kucheka sasa halafu uendelee kusoma.

Kuna milango miwili. Mmoja ni alama za sekondari, na zangu za shule ya watu wazima ni za kupita, si za kung'aa. Wa pili ni mtihani wa siku moja wanaouita högskoleprovet, ambao kila anayetaka chuo anaweza kuufanya, hata bibi kizee. Sehemu tano, kila moja dakika hamsini na tano, nyingine za lugha, nyingine za hesabu: maana za maneno ya Kiswidi, kusoma kwa kuelewa, Kiingereza, hesabu, na majedwali. Kila swali lina visanduku, A, B, C na kuendelea, unajaza kimoja kwa penseli. Alama ya juu kabisa ni mbili, na wa sheria wanataka mtu awe karibu na huko juu. Nimejiandikisha wa Aprili.

Wewe ulijifunza sheria bila darasa, umekaa mbele ya mahakama na taipu yako ukiwaandikia watu hati tangu kabla sijajua kusoma. Niambie ulifanyaje. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu nimeifungia kwenye droo ya Mama mpaka mtihani upite, na yako hupokei hata hivyo.

Mwanao,
Diane

*

Kasulu
9 Machi 2024

Mwanangu Diane,

Marahaba. Barua yako imetembea siku ishirini na tano. Simu sipokei kwa sababu haina nakala wala tarehe. Mtu akikuahidi kitu kwenye simu, kesho huna cha kumwonyesha hakimu.

Tuko salama. Kuku wa Magdalene wamepungua wawili, na jirani ameongezeka uzito, kesi haijafunguliwa. Macho yangu bado yanaona herufi, isipokuwa zile ndogo za chini kabisa, ambazo katika kazi yangu ndizo zenye maana.

Umeandika, "Mama hajambo." Nimefurahi. Sikuona palipoandikwa kwamba ananisalimu. Niligeuza karatasi upande wa pili, nako hakuna. Basi mwambie shemeji yake naye hajambo.

Sijacheka kuhusu umri. Nilipoanza mimi nilikuwa na thelathini na sita, nauza karatasi nyeupe kwa waandishi wenye taipu. Karani mmoja alikuwa akitupa nakala za hukumu zilizoharibika, nami nikaziokota nifungie karanga. Karanga hazikununuliwa, nikasoma. Nilichofanya ni hiki.

Nilinakili kwa mkono. Neno nisilolijua nililiandika kushoto mwa daftari, na kulia nikaandika sentensi nzima nilimolikuta, maana neno ni kama mtu, ukitaka kumjua tazama amekaa na nani. Kumi kwa siku. La kumi na moja ni tamaa, kesho linakimbia na wenzake.

Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, uifanye mizima, kwa saa ya ukutani, kwenye kiti kigumu. Usikae kwenye kochi na chai. Hiyo siku yenyewe hawatakuletea kochi. Usisome kwa sauti pia, majirani watakuwa mawakili kabla yako.

Kwenye habari ndefu, soma swali kwanza. Mteja akija kwangu, kabla hajaniambia habari za babu yake na mpaka wa shamba, namuuliza, "Unataka nini?" Nikishajua anachotaka, babu namsikiliza kwa sikio moja.

Na uwe na daftari la makosa. Usiandike jibu sahihi, hilo limeshachapwa kitabuni. Andika uongo ulivyokushawishi. Utashangaa: uongo unaokudanganya wewe ni aina mbili au tatu tu, unarudi kila mara umebadilisha shati.

La mwisho unalijua, lakini nalitaja kwa sababu kazi yangu ni kutaja. Usilolijua usiliandike. Nafasi tupu haijawahi kumfunga mtu.

Baba yako mdogo,
Juvénal

*

Hallunda
2 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Zuri anakaribia kufunga shule. Mama hajambo, goti limetulia kwa sababu ya jua. Huku sasa hakuingii giza. Ndege wanaimba saa tisa za usiku kama watu wasio na kazi asubuhi.

Nilifanya yote. Maneno kumi kila siku, yalifika mia sita na arobaini. Kiti nilichukua kile cha jikoni kinachobana. Daftari la makosa limejaa, na ni kweli, uongo unaonikamata mimi ni aina mbili: jibu lenye maneno magumu, na jibu linalonionea huruma.

Mtihani nimefanya. Nimepata sufuri nukta nane. Kwa alama hiyo sheria nitaisoma kwenye magazeti.

Nimeacha visanduku arobaini na kimoja bila kujaza. Muda uliniishia.

Kuna binti ninayesoma naye maktabani hapa, Josefin, ana miaka kumi na tisa, kucha za rangi tano. Nilipomwonyesha, alipiga kelele mpaka mwenye maktaba akatutazama.

"Arobaini na moja? Lakini Diane, hawakati alama ukikosea! Ukiwa hujui, jaza tu C."

"Na kama si C?"

"Basi si C. Kwani nani amekufa?"

Nilifunga daftari. Alifikiri amenichekesha, akanipa biskuti.

Wa Oktoba unakuja. Sijui kama nitajiandikisha. Siku ile, sehemu ya mwisho, nilikuwa nimechoka hata nikabaki kumwangalia msimamizi akila tufaha. Alilila lote, na kitovu chake, akabaki na kikonyo, akawa hajui akiweke wapi.

Msalimie Mama Mdogo.

Diane

*

Kasulu
7 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni kiangazi na vumbi, na jirani sasa anafuga kuku. Magdalene anasema anawatambua wawili kwa mwendo.

Mama yako hajambo, goti limetulia. Nimeisoma habari hiyo kwa makini. Goti linanijulia hali kuliko mwenyewe.

Sufuri nukta nane si aibu, ni kipimo cha siku moja. Lakini nimekaa mbele ya mahakama miaka ishirini na nane nikisikiliza watu wakieleza kwa nini hawakulipa, hawakufika, hawakusaini, na sikio langu limeota sugu mahali pake. Umeandika kwamba muda ulikuishia. Ukurasa huohuo umeandika kwamba ulimwangalia msimamizi akila tufaha zima na kitovu chake. Tufaha hilo si chini ya dakika sita. Mtu aliyeishiwa muda haoni kikonyo.

Kwa hiyo muda ulikuwepo, na penseli ilikuwepo. Kilichokosekana ni mkono.

Nadhani ni kanuni yangu iliyokushika. Na kama ni hiyo, tunajua sote ilikotoka, ingawa hatujawahi kuandikiana habari hiyo. Mwaka 2006, kwenye kambi ya wakimbizi, tulikuwa watatu kwenye faili moja ya kuhamishiwa huko: mama yako Concessa, wewe, na mimi badala ya baba yako. Kila mmoja aliitwa peke yake kwenye chumba cha mahojiano. Waliniuliza kaka yangu Egide alikufa lini huko alikovuka mpaka kwenda kuangalia shamba, nikabuni tarehe, ikapishana na maneno yenu. Jina langu likafutwa. Nyinyi mkapanda ndege, mimi nikabaki na taipu. Mama yako alifika kwenye baridi ile na mtoto, bila ndugu wa kiume wa kumshika mkono, kwa sababu ya mdomo wangu. Ana haki ya kutonisalimu. Jambo hilo limekwisha, tuliache.

Jiandikishe wa Oktoba. Tena fanya hivi: katika mazoezi, kila swali dakika moja. Ikipita, weka alama pembeni uende mbele, urudi baadaye. Ukirudi, futa kwanza majibu unayojua kwamba si yenyewe. Mara nyingi hatujui ukweli, lakini uongo tunaujua.

Juvénal

*

Hallunda
18 Agosti 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimejiandikisha.

Leo habari za nyumbani ni hizo tu.

Barua yako nimeisoma kwenye treni nikienda kazini, nikapitiliza kituo. Ulipoandika "nikabuni tarehe", nilifunga macho. Umeandika vilevile kama ulivyomwambia Mama siku majina yalipobandikwa, maneno yaleyale, kwenye ile benchi nje ya chumba. Nami nilikuwa nimesimama hapo na mfuko wa nguo, na nilikuwa na miaka kumi na tano, si mtoto wa kutojua.

Hukubuni wewe. Nilibuni mimi.

Yule afisa alikuwa na kalamu ya bluu. Nikijibu, kalamu inatembea. Jina la shule, inatembea. Majina ya majirani, inatembea. Nilipenda kuiona. Kisha mkalimani akauliza, "Baba yako alifariki lini?" Nikasema sijui. Kalamu ikasimama. Akaniangalia, si kwa ukali, alisubiri tu. Nikataka itembee tena. Nikasema, "Jumamosi, tarehe kumi na mbili Agosti, mwaka 2000." Na kalamu ikatembea, ikaandika mistari miwili.

Nilitoka pale nikijiona nimefaulu.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba wewe ulikuwa umewaambia ulizungumza na Baba mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, kwenye soko la mpakani. Kwa maneno yangu ukawa umezungumza na marehemu, au si ndugu yake kabisa. Ukafutwa. Ukamwambia Mama ni wewe. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na minane, kwenye meza moja na Mama, akisema kila Krismasi, "Baba yako mdogo angekuwa hapa kama angejua kusema sijui." Nami nampa chumvi.

Kwa hiyo ninapofika kwenye swali nisilolijua, penseli inasimama, na naiona ile kalamu ya bluu. Ningeweza kuijaza C ya Josefin. Mkono hauendi. Hata pale nilipobakiza majibu mawili tu ya kuchagua, hauendi. Aliniuliza nani amekufa. Ni Baba aliyekufa, na sijui lini, na nilisema.

Mama hajui. Sasa umejua wewe.

Diane

*

Kasulu
15 Septemba 2024

Mwanangu Diane,

Marahaba. Magdalene mzima, kuku wazima, na wale wawili wamerudi wenyewe. Jirani anadai fidia ya chakula walichokula kwake. Nimemwandikia dai lake mimi mwenyewe, kwa sababu ni mteja.

Nilijua.

Nilijua siku ileile, kwa namna mbili. Kwanza ulitoka chumbani ukitembea kama mtu aliyepewa zawadi ya shule. Pili, waliniita tena. Hilo hukuliona, mlikuwa mmekwenda kuchota maji. Afisa akanisomea: "Mtoto anasema Agosti. Wewe unasema Oktoba. Nani anasema kweli?"

Fikiria kwamba hilo ni swali la mtihani wako. Jibu la kwanza: mtoto amekosea. Ndilo lililokuwa kweli. Lakini faili ilikuwa moja, na mtoto aliyebuni moja wangedhani amebuni mengine, na mama yake aliyemfundisha wangemtazama vingine. Jibu la pili: mimi nimekosea. Linafuta jina moja, linabakiza mawili. Nilifuta kwanza lile nisiloweza kuishi nalo. Nikasema, "Mtoto anasema kweli. Mimi nimechanganya." Kalamu ikatembea. Nami niliiona, ilikuwa ya bluu, una kumbukumbu nzuri.

Kwa hiyo sikufutwa na mdomo wako. Niliulizwa, nikachagua, nikiwa na akili zangu. Usininyang'anye jambo hilo. Sina mengi kama hilo.

Lakini kuna moja ambalo sikulitenda vizuri. Kanuni ile, usilolijua usiliandike, ulidhani ni busara ya kazi yangu. Niliitunga wiki ile baada ya majina kubandikwa. Ulikuja ukakaa karibu na taipu yangu, huli, husemi, nami nikakuambia maneno hayo polepole, nikikutazama machoni. Nilikuwa na hasira, Diane. Nilitaka ikuchome kidogo. Nilikuwa na haki ya hasira ya wiki moja, wewe umeitumikia miaka kumi na minane. Nilipoirudia kwenye barua ya Machi, nilijua ninachofanya nusu, na nusu ile nyingine nilijifanya mzee.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa karatasi, nafanya hivi:

HATI YA KIAPO. Mimi, Juvénal, mtu mzima, mwenye akili timamu na macho yaliyopungua, mkazi wa Kasulu, naapa na kutamka kwamba: kanuni niliyompa Diane binti Egide mwaka 2006 ilitolewa kwa hasira na bila mamlaka, kwamba inamfaa mtu aliyekaa mbele ya kalamu inayoweza kufuta jina la mwingine, basi, kwamba karatasi ya mtihani wa Stockholm haina jina la mtu mwingine ndani yake, na kosa lililomo humo linamgharimu mwenyewe sufuri, na kwamba kuanzia leo kanuni hiyo imetenguliwa, na aliyefungwa nayo yuko huru kujaza C. Imesainiwa na kugongwa muhuri.

Muhuri ni wangu wa kazi, unagharimu wino, usiupuuze.

Habari za mama yako sikuagizi chochote. Umwambie au usimwambie, kwangu mimi goti lake linatosha.

Baba yako mdogo,
Juvénal

*

Hallunda
15 Desemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima wote watatu. Theluji imeanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Zuri anakusalimu kwa Kiswahili, sentensi nzima, nilimlipa kwa peremende. Mama nitamfikia mwisho.

Hati yako ilifika Jumatano, mtihani ukiwa Jumapili. Niliikunja mara nne nikaiweka kwenye mfuko wa koti. Mlangoni msimamizi alituambia koti na vitu vyote viachwe ukutani, ndani tuingie na penseli, kifutio na chakula. Nikaiacha ukutani. Nilikaa nikiona kona ya mfuko.

Nilikwenda dakika moja kwa swali. Nilianza na maneno, kwa sababu hayo ni yangu, nikaweka alama pembeni kwa magumu, nikarudi nikafuta uongo. Sehemu ya tatu, hesabu, zikabaki dakika nne na maswali tisa matupu. Mkono ukasimama kama kawaida. Nikauambia, kwa sauti, nadhani, kwa sababu kijana wa mbele aligeuka: "Imetenguliwa." Nikajaza C, zote tisa. Zilikaa zimejipanga chini kama watoto kwenye foleni ya uji. Halafu nikasikia njaa, nikala ndizi.

Mwisho wa siku hakukuwa na kisanduku kitupu hata kimoja. Msimamizi hakula kitu safari hii, au alikula, sikumwona.

Majibu yalipotoka nilihesabu na Josefin. Katika C zile tisa, tatu ndizo. "Tatu!" akasema, "na ungeziacha!" Jumla nimepata moja nukta nne tano. Alhamisi barua ya chuo imekuja. Nimeingia. Naanza Januari, nitafanya kazi wodini mwisho wa wiki. Wale wa benchi nimewaambia wasitarajie kitu kabla ya miaka minne na nusu. Wamesema watazihifadhi bahasha. Nimewakataza kabisa.

Sasa Mama. Nilimwambia Jumamosi baada ya mtihani, anamenya viazi. Nilisema yote, kalamu, Agosti, maji tuliyokwenda kuchota, jibu la kwanza na la pili. Aliendelea kumenya mpaka mfuko wote wa viazi ukaisha, viazi vya watu ishirini. Kisha akasema, "Kila Krismasi nilikuwa nikisema, na wewe unanipa chumvi." Nikasema ndiyo. Akanawa mikono. Siku tatu hakusema nami ila kwa ajili ya Zuri.

Siku ya nne alivaa kitambaa cha kichwa cha kanisani akaniambia tutoke. Tulikwenda kwa padre. Unajua hatukuwahi kumaliza matanga ya Baba, kwa sababu hatukuwa na siku. Padre akafungua kitabu cha misa za marehemu akauliza tarehe ya kifo. Mama akasema, "Andika tarehe kumi na mbili Agosti."

Nikamwambia, "Mama, hiyo si yenyewe."

"Najua si yenyewe. Ndiyo tuliyo nayo. Imelipiwa."

Padre akaandika. Kwa hiyo Agosti ijayo, tarehe kumi na mbili, sisi tutakuwa kanisani, na wewe ukipenda fanya yako huko Kasulu siku hiyohiyo. Viazi vile Mama alivipika, tukavila wiki nzima.

Hapa chini ameomba kalamu. Sijui anaandika nini, ameifunika kwa mkono.

Mwanao,
Diane

*Shemeji Juvénal, ni mimi Concessa. Hujambo?*